Ukili na Sindano: Urithi wa Darizi Katika Morogoro na Milima ya Uluguru

Urithi una namna mbili. Kuna urithi ugawanywao, na kila ugawanywapo hupungua: shamba, nyumba, mifugo na fedha. Na kuna urithi usiogawanyika ila kwa kufundishwa, na kila ufundishwapo huzidi: lugha, adabu na ufundi wa mkono. Urithi wa kwanza huandikwa katika daftari na kutetewa mahakamani. Wa pili hauna daftari ila vidole vya mtu aliyefundishwa, na vidole hivyo vikifa bila ya kuacha mwanafunzi, hapana hakimu awezaye kuurudisha. Darizi ni urithi wa namna hii ya pili. Katika Morogoro na milima ya Uluguru historia yake ni historia ya mambo matatu yaliyokutana katika mkono mmoja: ukili wa mlimani, kofia ya pwani na kitambaa cha shule.

Neno lenyewe ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Tarizi limetoka katika Kiarabu. Darizi lina udugu na neno la Kiajemi lenye maana ya mshono. Yote mawili hutumika kwa kazi ya kupamba nguo kwa sindano na uzi, na Kiswahili kina neno la tatu, almaria, kwa kazi iyo hiyo. Kazi iliyopewa majina matatu haikuwa kazi ndogo machoni pa wenyewe. Katika Morogoro, kama katika miji mingine ya Tanzania, darizi huonekana leo juu ya mashuka na foronya, vitambaa vya meza na vya viti, kofia, kanzu na magauni ya arusi. Wabunifu wa mavazi wa siku hizi hupenda kusema ya kwamba mapambo yao yamechimbuka katika ufundi wa bibi zao. Kauli hiyo ni njema, lakini yataka kupimwa. Bibi aliacha nini hasa? Aliacha picha, au aliacha jambo jingine lililo nyuma ya picha? Jibu la swali hilo ndilo liamualo kama mjukuu ni mrithi au mwigaji.

Milima ya Uluguru imesimama kusini mwa mji wa Morogoro, na vilele vyake hupita mita 2,600 juu ya bahari. Wenyeji wake, Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake; ardhi ya mlimani kwa desturi ilikuwa mali ya ukoo huo, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Roland Young na Henry Fosbrooke, walioandika juu ya ardhi na siasa za Waluguru katika kitabu kilichotoka mwaka 1960, walionyesha jinsi mpango huo ulivyoshika maisha ya mlimani. Lakini njia iliyopitisha shamba ndiyo iliyopitisha na ufundi. Bibi alimpa mjukuu, mama alimpa binti, mama mkubwa na mama mdogo walimpa mtoto wa ndugu yao. Wahenga walisema ya kwamba mwana hutazama kisogo cha nina, na katika nchi ambayo nasaba yenyewe hufuata kisogo hicho, methali hiyo ilikuwa karibu na kuwa sheria.

Shule ya urithi huo ilikuwa nyumba ya mwali. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani miezi mingi, na zamani hata mwaka au zaidi. Kungwi alimfundisha siri za utu uzima, heshima na unyumba. Na wakati masikio yakifundishwa maneno, mikono ilifundishwa kusuka. Waluguru walikuwa na desturi hii pamoja na jirani zao Wakwere na Wazaramo, na kwa upande wa Wazaramo mwanazuoni Marja-Liisa Swantz aliieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1970. Haifai kuisifu kupita kiasi. Mwali alinyimwa jua, alinyimwa michezo, na zama za shule zilipofika alinyimwa na darasa pia. Walakini kukaa ndani kulimpa kitu kimoja kilicho adimu katika maisha ya mwanamke mkulima, nacho ni muda. Ufundi wa kuhesabu kwa vidole hauwezi kujifunzwa kati ya palizi moja na nyingine. Wataka siku nyingi mfululizo, makosa mengi, na jicho la mtu mzima aliye karibu.

Ukili ni utepe mrefu uliosukwa kwa majani ya mkindu au miyaa, nao ndio mwanzo wa mkeka. Majani hukaushwa, huchanwa kwa upana mmoja, na mengine huchemshwa katika rangi. Msukaji huanza na idadi maalumu ya majani, na idadi hiyo ndiyo sheria ya kazi nzima. Kila jani hupita juu ya mengine na chini ya mengine kwa hesabu isiyobadilika. Akikosea jani moja, kosa hilo huonekana mpaka afumue na kurudia. Rangi haipakwi juu ya ukili. Huingia pamoja na jani lenyewe, na pambo hutokea kwa jani la rangi kuzama na kuzuka. Kwa kuwa majani hwenda mshazari, pambo la ukili nalo ni la mshazari: lozi, meno ya msumeno, njia zinazokutana na kuachana. Duara haliwezekani. Ua likitakiwa, sharti kwanza ligeuzwe kuwa ua la pembe.

Ukili ukitosha, huunganishwa kwa sindano. Shazia, sindano ndefu ya kushonea mikeka, hupitisha uzi katika kingo za vipande viwili vya ukili, na fundi hodari hulinganisha mapambo hata yakutane pasipo kuonyesha maungio. Jambo hili ni dogo kwa kulitaja, kubwa kwa maana. Aghalabu husemwa ya kwamba wanawake wa bara walifundishwa sindano na shule. Shule ilileta sindano ndogo na uzi wa rangi. Lakini mahali palipo na mkeka wa ukili pana sindano, na pana mwanamke ajuaye kwamba mshono mwema ni ule usiovunja hesabu ya pambo.

Mto wa pili ulitoka pwani. Njia za misafara ziendazo maziwa makuu zilipita chini ya milima hii. Richard Burton alipumzika Zungomero, kusini mwa Uluguru, mwaka 1857. Upande wa kaskazini, Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua, alijenga mji wenye ukuta mahali ambapo sasa ni Morogoro. H. M. Stanley alipofika hapo mwaka 1871 aliukuta mji chini ya utawala wa Simbamwene, binti wa Kisabengo, na mji ukiitwa kwa jina lake. Stanley alieleza kuta za mawe, minara, na malango manne, ambayo milango yake ilichongwa nakshi nyembamba za mtindo wa Waarabu. Alikisia ya kwamba milango hiyo ilifanywa Unguja au mahali pengine pa pwani, kisha ikachukuliwa ubao kwa ubao hadi bara. Mwaka uliofuata alipopita tena, mafuriko yalikuwa yamekwisha kubomoa sehemu ya mji, na mji ule haukudumu. Hata hivyo habari ya milango yatosha. Nakshi ya pwani ilikuwa mbele ya macho ya watu wa Morogoro, katika mji uliotawaliwa na mwanamke, miaka 11 kabla ya misheni kufunguliwa hapo mwaka 1882, na miaka 36 kabla ya reli kufika mwaka 1907.

Misafara ilichukua nguo kama fedha. Merikani nyeupe na kaniki nyeusi zilipimwa kwa shuka na doti, zikalipia chakula, njia na wapagazi. Merikani haina pambo. Ni kama karatasi isiyoandikwa: humwita mwenye kalamu. Katika nchi iliyozoea pambo lizaliwalo pamoja na kitu chenyewe, kama lizaliwavyo katika ukili, hili lilikuwa jambo geni, yaani kitu kikamilike kwanza, kisha kipambwe. Darizi huanza pale mtu atambuapo nafasi hiyo tupu.

Walioitambua mapema ni wanawake wa pwani, na kazi yao kubwa ni kofia. Katika Unguja, Lamu na miji mingine, kofia ya kitambaa cheupe imekuwa mikononi mwa wanawake kwa vizazi, ilhali kanzu, pamoja na tarabuzi ya shingoni, aghalabu ilishonwa na mafundi wanaume. Kofia ina sehemu mbili, duara la juu na mzingo wa pembeni, kila moja ya kitambaa cha tabaka mbili. Nakshi huchorwa kwanza. Kisha hutobolewa vitundu, ndivyo viua, na kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka kikaze. Au pambo hujazwa uzi likainuka juu ya kitambaa, ikawa kofia ya vito. Mara nyingi mmoja huchora, mwingine hudarizi, na wa tatu huunganisha. Kofia moja iliyo nzuri huchukua majuma mengi, hata miezi, maana hushikwa na kuwekwa kati ya kupika, kuteka maji na kulea. Hesabu yake ni tofauti na ya ukili. Ukili ni njia isiyo na mwisho. Kofia ni duara, na pambo la duara sharti ligawanyike sawasawa, likamalizikie palepale lilipoanza. Mchoraji asiyejua kugawa hugundua kosa lake mwisho, wakati nusu ya ua imekosa nafasi.

Kofia hii ilibeba uzito kupita uzi wake. Katika Unguja ya zama za utumwa, kufunika kichwa kulikuwa alama ya muungwana, na mtumwa alizuiwa alama hiyo. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa, waliokuwa watumwa walijivika kanzu na kofia, kama Laura Fair alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 2001. Katika Tanganyika sheria ya kufuta utumwa ilikuja mwaka 1922. Morogoro, mji uliozaliwa katika njia ya misafara, haukuwa mbali na habari hizi. Na Uislamu ulipoenea katika mashariki ya Uluguru, kofia na kanzu zilikwenda pamoja nao. Basi kofia iliyodariziwa ilikuwa ushahidi wa heshima ya aliyeivaa na riziki ya aliyeishona. Mwanamke aliyeketi barazani akitoboa viua alikuwa akishona uungwana wa mtu mwingine.

Mto wa tatu ni shule. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza Bagamoyo mwaka 1868 walipanda hadi Morogoro mwaka 1882, kisha Matombo na Mgeta mlimani, na katika mafunzo ya wasichana wa misheni ushonaji ulikuwa somo la kila mahali. Katika miaka ya 1950 vilabu vya akina mama vilienea Tanganyika, na kushona kulikuwa miongoni mwa kazi zake. Baada ya uhuru Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, uliozaliwa mwaka 1962, ulipokea kazi hiyo, na shule zikaendelea nayo katika sayansi kimu. Shule ilileta mshono wa mnyororo na mshono wa msalaba. Zaidi ya hayo ilileta picha: waridi, njiwa wawili, kikapu cha maua, na herufi. Foronya ikaanza kusema. Maneno ya mapenzi, ya kukaribisha na ya kuombeana heri yakadariziwa mahali pa kulaza kichwa, na kitambaa cha meza kikawa salamu kwa mgeni.

Jambo moja la miaka hiyo lafaa kukumbukwa. Serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1955 watu walikataa, fujo ikatokea, na mpango ukaachwa. Amri ile ilikuwa na hoja zake juu ya udongo, lakini ilipita juu ya kichwa cha nyumba na ukoo. Sindano ndogo haikuamriwa na mtu. Iliingia nyumbani kwa sababu ilikuta huko mikono iliyokwisha kuandaliwa, ikakaa. Huu ni ushahidi mmoja kwamba ufundi hushika mahali unapopata mwenyeji.

Tazama sasa yanayotokea mito hii mitatu ikutanapo juu ya kitambaa kimoja. Nyuzi za kitambaa hukutana kwa pembe mraba, zile za urefu na zile za upana. Majani ya ukili hukutana mshazari. Mwanamke atakaye kuhamisha lozi la mkeka wa bibi yake mpaka kwenye foronya hawezi kulinakili tu. Sharti aligeuze kwa nusu ya pembe mraba, au alipandishe kwa ngazi ndogo za mshono wa msalaba, akihesabu nyuzi badala ya majani. Akifanya hivyo, atagundua ya kwamba alichorithi ni ile hesabu: ngapi juu, ngapi chini, wapi pambo hugeuka. Vivyo hivyo kwa kofia: mwenye kujua kugawa duara aweza kupamba shingo ya gauni, mzingo wa mto au kitambaa cha meza ya duara kwa ua ambalo bibi yake hakupata kuliona, na kazi hiyo ikawa bado ya nyumba ile ile. Waridi la shule lenyewe, likipita mikononi mwa msukaji, huota pembe. Hapo ndipo ubunifu wa leo hupata haki ya kuitwa mtoto wa urithi. Aliyejua kanuni huweza kuzaa umbo jipya. Aliyechukua umbo peke yake hubaki nalo lilivyo mpaka macho ya watu yachoke.

Hatari ya leo hutoka pande mbili. Upande mmoja ni mashine. Kofia zilizodariziwa viwandani ng'ambo huuzwa kwa bei ambayo mshonaji wa mkono hawezi kuishi kwayo, na mashine ya kudarizi iendeshwayo kwa kompyuta hutoa kwa muda mfupi nakshi ambayo mkono hutoa kwa mwezi. Upande wa pili ni wakati. Msichana wa Uluguru yuko shuleni, na ni vema awepo. Ukaaji wa ndani umefupishwa mpaka siku chache, au umeachwa. Lakini ilipofungwa nyumba ya mwali haikufunguliwa nyumba nyingine ya kufundishia ukili, na mkeka wa plastiki umetandikwa mahali pa ule wa mkindu. Soko kuu la Morogoro, lililofunguliwa mwaka 2021, limepewa jina la Chifu Kingalu, jina la watawala wa Kinole waliokuwa mashuhuri kwa mvua. Ni heshima inayostahili. Msomaji aweza kujiuliza tu ni mwanamke gani wa ukili ambaye jina lake limeandikwa popote.

Sheria haikunyamaza kabisa. Kanuni za mfano juu ya sanaa za jadi, zilizotolewa na WIPO na UNESCO mwaka 1982, zilitaja ususi na kazi za sindano miongoni mwa mambo ya kulindwa. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na mwaka 2011 Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi usioshikika. Mwaka 2021 darizi ya Palestina, iitwayo tatriz, neno la ukoo mmoja na tarizi, iliingizwa katika orodha ya mkataba huo, nayo ni kazi ambayo mama humfundisha binti na kila sehemu hutambulikana kwa mapambo yake. Lakini sheria hizi huona taifa na huona jamii. Nyumba huiona kwa shida. Pambo la mkeka likisemwa kuwa ni la Watanzania wote, ni rahisi kwa mwenye kiwanda kulichukua bila ya kumlipa mtu, kwa hoja kwamba lisilo la mmoja si la yeyote. Katika Uluguru hoja hiyo ni ngeni. Huko shamba la ukoo lilikuwa na wenyewe, ijapokuwa halikuwa la mtu mmoja, na mgeni alilima kwa ruhusa. Desturi iliyojua kulinda ardhi ya wengi haikosi maneno ya kulinda ufundi wa wengi.

Mfano wa njia njema haupo mbali. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, karakana ya akina mama iitwayo Sasik hushona mito na matandiko kwa mapambo yaliyotoka katika milango ya kuchonga ya mji wao. Nakshi ya ubao imehama ikawa nakshi ya kitambaa, na mkono ulioihamisha ni wa wenyeji, wakilipwa kwa kazi yao. Morogoro, ambayo milango ya Simbamwene ilisimama hapo mwaka 1871 na ambayo milima yake ilisuka ukili kabla ya hapo, haina sababu ya kuomba mapambo kwa mtu. Inalohitaji ni mahali na muda: meza moja ambapo mwanamke ajuaye hesabu ya ukili huketi pamoja na msichana ajuaye kuchora, na bei itakayotaja mikono yao wote wawili.

Kuna wasemao ya kwamba ufundi ukifa hubaki picha zake katika makumbusho, na hizo zatosha kumfundisha mbunifu wa kesho. Picha ya mkeka huonyesha lozi. Haionyeshi majani mangapi yalizama ili lozi lizuke. Idadi hiyo imo katika vidole vya wanawake wazee walio hai leo katika vijiji vya mlimani. Kila mmoja wao afapo bila ya mwanafunzi, idadi moja hufutika, na kumbukumbu ya shamba la ukoo wake, hata likiandikwa vizuri namna gani, haitamsaidia mjukuu kuipata tena.